Mdogo wangu yuko jela, na kilichomponza ni jibu langu la "Ndiyo"

Admin, jina langu libaki kwako. Na wale wa huku kwetu mtakaonitambua kwa maelezo, naombeni mnisitiri.

Nina miaka thelathini na nne, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, naishi upande wa Mbuchi huku delta. Tunalima mpunga na kukausha kamba wa kuuza. Mume wangu ni mtu mwema, nalisema mapema kwa sababu mkifika chini mtamchukia. Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, hapa nitamwita Saidi. Saidi anatumikia kifungo cha miaka mitano kwa wizi wa mashine ya boti ya jirani.

Mashine ilikutwa imefunikwa makuti kwenye mikoko, nyuma ya banda lake la kukaushia kamba. Shahidi mmoja alisema alfajiri aliona mtu mwenye umbo lake, tena kwa mgongo. Ushahidi ulikuwa huo tu. Watu wakatuambia kesi nyepesi, atatoka, hatukutafuta wakili. Saidi akanitaja niwe shahidi wake.

Nilishika msahafu nikaapa. Nikaeleza kwamba nyuma ya banda lile ni njia ya watu wote, na hata mimi huanika kamba wangu pale. Ningeishia hapo. Lakini mimi nina mdomo, na yule shahidi wa mgongo alikuwa amenikera, nikaongeza nisichoulizwa: "Mheshimiwa, huyu ndugu yangu tangu azaliwe hajagusa cha mtu."

Mwendesha mashtaka akasimama taratibu, wala hakuonekana kushangaa. "Shahidi, ni kweli au si kweli kwamba miaka kumi na mbili iliyopita mshtakiwa alikiri mbele ya wazee wa ukoo wenu kuiba mashine ya baba yenu mdogo?"

Nikamtazama mume wangu kwenye benchi la nyuma. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajibu, "Ndiyo."

Ni kweli Saidi alikiri. Lakini aliyeiba hakuwa yeye. Mashine ile aliichukua mume wangu, wakati huo mchumba wangu, akaiuza Bungu. Zilibaki siku tisa nifunge ndoa. Nilimlilia Saidi, nikamwambia baba akijua, ndoa hakuna. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi yake akaenda mwenyewe kwa wazee akasema ni yeye. Wakamkalisha mkekani, akashikana mkono na baba mdogo, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa. Kwetu jambo likishasomewa dua limekwisha, anayelitaja tena ndiye mkosaji. Basi hata ukweli wake haukutajwa. Naona polisi walipokuja kumhoji, baba mdogo yalimtoka.

Katika hukumu hakimu alisema mshtakiwa si mgeni wa wizi wa mashine. Nilisikia hivyo kwa masikio yangu.

Sasa tumepata wakili wa msaada wa kisheria pale Kibiti, mwanamke, amekata rufaa. Aliniambia, "Dada, mtu anahukumiwa kwa alichofanya siku ile, si kwa tabia aliyowahi kuwa nayo. Hilo la ukoo wenu halikupaswa kupokelewa." Nikafurahi. Akaendelea, "Ila ninyi ndio mlioanza kumsifia tabia. Upande wa Jamhuri watasema wao walijibu tu. Sina uhakika kama tutashinda kwa hoja hiyo peke yake." Halafu akaniuliza kama kuna anayejua zaidi kuhusu ile mashine ya zamani, ili aiombe Mahakama Kuu ipokee kiapo chake. Nikamwambia nitaulizia nyumbani.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mama Zuhura, wakili si kasema sheria ipo? Iache sheria ifanye kazi yake. Wanetu wataitwaje hapa kijijini?" Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipozikwa mama yake. Hii mashine ya pili najua hahusiki, siku hiyo tulikuwa wote Utete, mtoto amelazwa. Lakini ya kwanza ni yake, na ni yangu pia.

Nilikwenda gerezani kumtazama Saidi. Amekonda. Kitu cha kwanza aliniulizia watoto. Nilipoanza tu kulitaja, akanikatisha, "Dada, lile lishasomewa dua. Liache." Nikaondoka nikiwa na aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Kinachoniua zaidi ni mama. Hajui chochote. Juzi nilimpelekea mchele, akaniambia, "Mie nilizaa mwizi, mwanangu. Ile mara ya kwanza nilisema utoto." Mama huwa akimaliza kuswali anatuombea kwa majina, mimi na Saidi. Ijumaa nilikuwa nimekaa pembeni yake. Alinitaja mimi, akawataja wanangu, akamtaja mume wangu, akakunja mkeka.

Wakili anataka jibu wiki ijayo. Nikiapa, sijui kama nitakuwa na ndoa, na baba wa wanangu atatembea vipi hapa. Nikinyamaza, rufaa inaweza kushindwa, na hata ikishinda, mama atabaki akiamini alizaa mwizi.

Ndugu zangu, wenye busara na wenye hasira, niambieni nimjibu nini wakili. Matusi nitayapokea, nayastahili. Ila kwenye maoni yenu, nawaomba sana, Saidi msimwite mwizi.