Siku Niliyoziba Masikio kwa Nta

Jamani, mkiona nacheka msidhani imeniisha, hii aibu bado inaniwasha, ila nimeona bora niisimulie mimi mwenyewe kwa sababu nikimwachia mke wangu ataongeza chumvi, na haihitaji chumvi.

Chanzo ni wivu. Wivu wa mtu mzima mwenye watoto wanne (nakubali, msiniangalie hivyo). Baba mkwe wangu pale Usevya enzi zake alikuwa mwindaji wa kibali, sasa macho yamechoka, bunduki kairudisha polisi, kilichobaki ni mkanda wake wa risasi, wa ngozi, alioushona kwa mkono wake. Akatuita wakwe zake wawili, mimi na mwanyumba wangu Masanja, yeye kaoa mdogo wa mke wangu, na sote tuna shotgani za mitutu miwili na vibali vyake, akasema tuje Jumamosi tulenge makopo, atakayemridhisha ndiye atauvaa ule mkanda. Sasa mimi ndiye niliyeoa binti mkubwa. Nilikuwa mkwe wa nyumba ile kabla Masanja na ng'ombe wake hawajaijua njia ya Usevya. Kwa hiyo moyoni nilishajivika huo mkanda zamani, makopo niliyaona ni ya kutimiza wajibu tu.

Nafika na pikipiki kutoka Kakese, mke wangu nyuma, vumbi mpaka kwenye kope, namkuta Masanja kashakaa na mzee, katandaza vitu vyake kwenye mkeka kama machinga, na mzee anashika kimoja kimoja anakigeuza.

"Hiki nacho?"

"Mpira wa ndani wa pikipiki, baba. Navisha kitako, bunduki ikipiga teke bega halisikii."

"Na hiki?"

"Mguu wa jinzi kuukuu, nimejaza mchanga. Naegemezea mtutu."

Kulikuwa pia na kamba ya kiatu yenye kitambaa cha kusafishia mtutu, na kiwaya kilichopindwa cha kukwangulia masizi, na viziba masikio alivyovikata kwenye ndala iliyokatika, akavitia uzi, vinaning'inia shingoni. Vyote havijamgharimu hata hela ya soda. Na mimi vilinichoma kila kimoja, hasa ile ndala, maana hata mimi ndala zilizokatika ninazo nyumbani, nimezitupa tu!

"Huyu ana akili ya kukaa na bunduki," mzee akasema, kisha akanigeukia. "Na wewe Baba Deo, umekuja na nini?"

"Nimekuja na shabaha, baba."

Wakacheka, mpaka mama mkwe kule jikoni nikamsikia anacheka. Masanja, kwa ule upole wake unaoniudhi kuliko matusi, akanipa vile viziba vya ndala: "Chukua mwanyumba, mimi nitakata vingine." Nikamwambia na mimi ninavyo.

Sikuwa navyo. Mzee akatukumbusha sheria yake, ni moja tu, akisema chini, bunduki chini, nami nikaitikia ndiyo baba huku nazunguka nyuma ya nyumba. Huko kulikuwa na bonge la nta ya nyuki, nikamega, nikachomoa na pamba kwenye mto mkuukuu, nikafinyanga, nikasukumiza masikioni, tena ndani kabisa. Na niwaambie ukweli, sikuwa nakimbia mlio wa bunduki. Nilikuwa nimechoka kusikia Masanja hivi, Masanja vile. Nta ilipokaa kukawa kimya, nikarudi natabasamu peke yangu.

Masanja akalenga kwanza, makopo yakaruka, nikaona midomo ya watu inachezacheza lakini sisikii sifa hata moja. Raha iliyoje! Zamu yangu ikafika. Nikafumba jicho, nikaachia mtutu wa kwanza, makopo yote ya kushoto yakaondoka juu ya gogo. Nikageuka. Nawaona wote wamesimama, mzee anapunga fimbo, Masanja anarusha mikono, mama mkwe kashika kichwa kwa mikono miwili, nami nikasema moyoni leo nimewapata. Nikawainamia kidogo. Nikasema, "Asanteni, asanteni sana!" Nikarudi kwenye bunduki, nikaachia mtutu wa pili.

Nguruwe wa mama mkwe alikuwa ametokea nyuma ya kichuguu, anapita kwenye makopo bila haraka. Hakuendelea na safari.

Mke wangu akaja kunifokea usoni, nikaona meno tu. Nikajaribu kuichomoa ile nta, wapi, jua lilikuwa limeilainisha ikashikana na pamba na vinyweleo. Mama mkwe hawezi kumshika mkwe, na mke wangu kwa zile hasira nisingemkabidhi sikio. Akabaki nani? Masanja akakaa kwenye kigoda, akalaza kichwa changu mapajani pake kama mtoto anayetolewa funza, akachukua kile kiwaya chake, na majirani waliokuja kuuliza kuna nini wakabaki kutazama.

Sikio likafunguka. La kwanza nililolisikia ni sauti ya mzee: "Mwone alivyo na mkono mwepesi. Leteni mkanda wake." Nikatamani arudishe nta. La pili likatoka kwa mama mkwe, ambaye hasemi nami moja kwa moja, akamtuma mke wangu: "Mwambie mkwe, huyo nguruwe ndiye alikuwa wa kipaimara cha Deo."

Deo ni mwanangu.

Tangu siku ile nimeapa, mtu akisifiwa mbele yangu naacha masikio wazi, nasikiliza mpaka neno la mwisho, na inauma, nisiwadanganye. Juzi Masanja kaja ameuvaa ule mkanda, umemkaa vizuri, nikamwambia hivyo hivyo mbele ya baba mkwe. Nilimwambia mara moja tu, msinizidishie.