Kichuma cha Mzee Kalinga

Leo pimamaji imeniumbua mbele ya mteja.

Mzee Kalinga, mwindaji mwenye kibali, alileta bunduki kwenye karakana yangu ya mageti hapa mtaani Soweto. Kile kichuma cha matundu mdomoni mwa mtutu, kinachopunguza teke la bunduki, kilikaa upande.

Nikaibana bunduki mezani, nikapima kwa pimamaji, nikakinyoosha kichuma.

Akachungulia. "Fundi, bado kimepinda."

"Mzee, pimamaji haina undugu na mtu!"

Nikarudia. Kikapinda vilevile.

"Kesho naingia porini. Basi naipeleka kwa fundi wa Iringa," mzee akasema.

Nikamsihi anisubiri kidogo.

Mke wangu akatuletea chai, akajaza kikombe mezani. Ikamwagikia upande mmoja.

Kumbe meza ndiyo imeinama! Bunduki iliinama nayo, mimi nikanyoosha kichuma pekee.

Nikainua mguu wa meza kwa kigae, nikakipima kichuma upya, kikakaa sawa.

Mzee akaniuliza polepole: "Na geti langu ulilipimia hapahapa mezani?"

Wenye mageti yangu, naombeni utulivu.