Kuku wa Mnada Kwenye Televisheni

Mtayarishaji wa kipindi alikuja Dzaleka, kambini kwetu, asubuhi moja, akasimama mbele ya cherehani yangu na kuuliza kama mimi ndiye ninayemlea msichana mwenye mkono uliofungana. Nikamwambia ndiye mimi, nikamvutia kiti. Alikuwa dada wa Kimalawi, mdogo kwangu kidogo, mwenye viatu vya raba na simu mbili. Nesi wa zahanati alikuwa ameshaniarifu juu yake. Kituo kimoja cha televisheni cha Lilongwe kilitaka kuchangisha pesa kwa ajili ya watoto walioungua, wale wanaosubiri kupasuliwa, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao.

Alianguka kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, alipokuwa bado anajifunza kutembea. Ngozi ilipopona ilivivuta vidole vyote vya mkono wa kulia hadi kwenye kiganja, vikabaki hapo, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukionyesha. Wakati huo baba alikuwa hai. Alipofariki, miaka michache baada ya mama, wadogo zangu watatu walibaki kwangu. Shule nilikuwa nimeshaiacha, nilikuwa nashona. Daktari alinieleza kwamba mkono bado unafunguka, ila usicheleweshwe. Mtoto akimaliza kukua vidole vikiwa vimekunjwa hivyo, kisu hakitakuwa na kazi kubwa. Mdogo wangu alikuwa ameanza kurefuka. Kila nilipomshonea sare mpya niliona ni kiasi gani, na nilijua muda unakwenda.

Kwa hiyo nilikubali. Lakini nilikuwa na maswali, kwa sababu vipindi vya namna ile nilikuwa nimeviona kwenye kibanda cha video, katikati ya mpira na filamu, na sikuwahi kumwona mtu yeyote pale akitoa simu yake ili atume kitu. Walikuwa wakipiga kelele waondolewe wale wanaolia, warudishiwe mpira. Nilimuuliza yule dada: je, watu bado wanaviangalia? Na wakiviangalia, wanatoa?

Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto, mtaa mzima ulikusanyika kwenye televisheni moja, na mama yake alikuwa akilia na kutafuta pochi. Siku hizi kila mtu ana machozi mkononi mwake, ndani ya simu, kutwa nzima, bure. Wakubwa wake bado wanaamini mtoto akilia simu zitalia. Yeye mwenyewe hajui.

"Ninyi mkichangishana hapa mnafanyaje?" akauliza.

Nikamweleza mnada wa kanisani. Asiye na pesa analeta alicho nacho: kuku, boga, kikapu cha mihogo. Baada ya ibada kinanadiwa uani. Anayekinunua analipa, halafu anasema kirudishwe, kinauzwa tena, na tena, mpaka watu wachoke au kuku achoke. Nimewahi kuona yai moja likisaidia kununua mabati. Alicheka mpaka akafunga daftari lake. Akasema tumlete kuku Lilongwe, na tumlete pia huyo anayenadi.

Mnadi wetu alikuwa mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, mwimbaji wa kwaya, muuza vitenge, mwenye sauti ya kumwamsha aliyelala ng'ambo ya mto. Nilipomwambia, hakuuliza kuhusu televisheni. Aliuliza kuku ni wa rangi gani. Jumamosi tukaondoka watatu, yeye, mimi na mdogo wangu, na jogoo mwekundu ndani ya kikapu chenye kifuniko. Kwenye lango la kituo mlinzi alikifunua, akamtazama jogoo, jogoo naye akamtazama, na mlinzi akaenda kumwita mtu mkubwa zaidi.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Upande mmoja palikuwa na jukwaa lenye taa, upande wa pili meza ndefu yenye simu, na nyuma ya kila simu mwanafunzi mwenye fulana nyeupe. Nilikaa pembeni, na tangu hapo niliangalia zaidi ile meza kuliko jukwaa. Alikuja mwimbaji, akaimba vizuri. Simu mbili zikalia. Akaja mchekeshaji; watu wa ndani walicheka, simu hazikusema kitu. Wakaja mabwana wenye suti na hundi za karatasi ngumu kubwa kama mlango, wakapigwa picha. Kisha wakaonyesha filamu fupi ya mdogo wangu akiwa amekaa kizingitini kwetu, macho chini, kama alivyoombwa. Simu zikalia, lakini kwa muda mfupi, kama mvua inayopita. Niliona mwanafunzi mmoja akichezea waya wa simu yake.

Mdogo wangu alijitazama kwenye skrini kubwa ya ukutani. "Yaya, mbona niko kama mutu mwenye njaa?" akaninong'oneza; yaya ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Nilikuwa nimetoka kukula."

Halafu wakamwita mama wa Uvira.

Alipanda na jogoo chini ya kwapa, akasalimia kwa Kichewa chake cha sokoni, akaanza. Hakueleza utaratibu. Mimi pia sikumkumbusha, wala sikumweleza mtangazaji, kwa sababu kwetu hakuna anayeeleza jambo lile. Ni kama kumweleza mtu kwamba sahani ya mgeni hairudi kwake tupu. Simu ya kwanza ilitoka kwa bwana mmoja wa Area 47, mtaa wa hapo Lilongwe. Alitaja kiasi kizuri. Mama akapiga makofi, akatangaza kuku ni wake, akasubiri asikie neno la kurudisha. Bwana yule alishukuru tu, akakata simu. Mama akachukulia kwamba amerudisha kimoyomoyo, akanadi tena. Akanunua mama mmoja wa Nsungwi. Akanadi tena. Wakanunua vijana wa duka moja la Area 36, waliokuwa wakichangishana wanapoongea, tukiwasikia wakigombana nani atatoa ngapi.

Bwana wa Area 47 akapiga tena. Mtangazaji, kijana wa tai nyembamba, alimweka hewani bila kujua anataka nini. Bwana akauliza kwa utulivu kabisa ni kwa nini kuku wake anauzwa. Alisema yuko ndani ya gari, anakuja kumchukua.

Wanafunzi waliinua vichwa. Mama wa Nsungwi naye akapiga, akasema kuku ni wake, ameshatuma pesa. Kisha jumbe za watu zikaanza kupita chini ya picha, na mtangazaji alisoma wa kwanza kabla hajaufikiria: kwamba wakimbizi wamemuuza kuku mmoja kwa watu watatu mbele ya nchi nzima.

Kwa maisha yetu sisi, neno moja la namna hiyo linaweza kufika mbali kuliko wewe mwenyewe, na kesho likakusubiri sokoni na kwenye lango la shule. Tena nilifikiria mkono. Mtu mwenye suti alikuwa akimwonyesha yule dada mtayarishaji ishara ya kukata shingo, yaani wakate, waweke muziki. Nilijua wakikata pale, kitakachobaki vichwani mwa watu ni wizi wa kuku, na jina la watoto walioungua litabaki limeshikamana nao. Yule dada alitazama meza ya simu. Simu zote zilikuwa zinalia. Hakukata.

Nikapanda jukwaani. Sikuwa nimepangiwa. Nilianza kueleza kwa Kiingereza changu cha kuokota, nikachanganyikiwa, nikasimama. Wakati huo bwana wa Area 47 aliingia kweli, mtu mzima mwenye sweta, akiwa na funguo za gari mkononi, na kamera ikamgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka nyumbani kwa sababu anataka kuelewa jambo. Mdogo wangu akanipita. Yeye anasoma na Wamalawi, Kichewa chake hakina kilema. Alimpigia magoti kidogo kwa heshima, akamwita bambo, yaani baba, akamweleza: ukinunua unamrudisha, anauzwa tena, pesa zinaongezeka. Waliongea Kichewa, nayaandika kama nilivyoyaelewa.

"Kwa hiyo mimi nalipa, halafu naondoka mikono mitupu?" bwana akauliza.

"Ndiyo, bambo."

"Na huyu anayefuata pia?"

"Na yeye pia."

Bwana alimtazama jogoo kwa muda. "Sasa mwishoni nani anamla?"

Nimekaa kwenye minada ile tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kusikia mtu akiuliza swali hilo. Mdogo wangu hakusita hata kidogo.

"Mchungaji," akasema.

Mama wa Uvira alificha uso ndani ya kitenge chake. Mtangazaji aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Bwana naye alicheka, polepole, mpaka akalazimika kupangusa macho kwa mkono wenye funguo. Akasema kama ni hivyo basi anamnunua mara ya pili, ili mchungaji asimpate. Akawaomba walioko nyumbani wamsaidie.

Sijui kama kuna aliyewahi kuipanga shughuli ya aina ile. Watu walipiga simu kumwokoa jogoo. Wengine, nadhani waumini waaminifu, walipiga kumtetea mchungaji, wakasema mtumishi lazima ale. Mama wa Uvira akauona mlango na akaingia: akagawa studio pande mbili, upande wa jogoo na upande wa mchungaji, kama anavyogawaga wanaume na wanawake kanisani, na akawachokoza kwa zamu. Upande wa mchungaji walipolegea aliwauliza kama wao ni Wakristo wa harusi na mazishi tu. Wanafunzi walikuwa wanaandika wamesimama. Wadogo zangu wengine wawili, waliokuwa kwenye kibanda cha video Dzaleka, walinisimulia baadaye kwamba mwenye kibanda alitaka kurudisha mpira na watu wakamkatalia.

Jogoo hakuliwa na mchungaji wala hakuokolewa. Mama wa Nsungwi alifika amepakiwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya abiria, kipindi kikiwa kimekwisha, hakuwa amesikia maelezo, akadai kuku wake. Hakuna aliyethubutu kumnyima. Alimbeba akaondoka, na mwendesha baiskeli akacheka njia nzima.

Baadaye nilitaka kujua kilichotokea hasa. Nilimuuliza nesi ni pesa gani zilizofika, za filamu ya kizingitini au za kuku. Akasema pesa zinaingia bila maelezo, hakuna anayeandika kama alilia au alicheka. Alichojua ni kwamba ahadi nyingine hazijatimia mpaka leo, nyingine zilitimia, na nyingine zilikuja kutoka kwa watu ambao hawakuahidi kitu. Zilitosha watoto wengi wapasuliwe mara moja. Waliohitaji mara ya pili wangesubiri.

Mdogo wangu alihitaji mara mbili. Waliufungua mkono wake upande wa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Viwili vya mwisho vimebaki vimelala. Daktari anasema bado kuna nafasi, na anasema pia asingependa kuona mwaka mwingine mzima ukipita.

Mwezi uliopita yule dada wa televisheni alinipigia. Wanaandaa kipindi kingine. Wakubwa wake wameandika mpango: mama wa Uvira, jogoo, bwana wa kuingia na funguo, hata swali la nani anamla. Aliusoma kwa sauti isiyo na furaha. Nikamwambia watu wanajua sasa. Mtu hawezi kukimbia na gari kuja kuuliza jambo ambalo ameshajibiwa.

"Basi tufanye nini?" akauliza. "Niambie wewe."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Nilimwambia tutakuja hata hivyo, na kwamba safari hii mdogo wangu hatakaa kizingitini macho chini. Akitaka kuongea ataongea, akikataa atakataa. Nikasema nitaendelea kufikiri, na yeye afikiri, na tupigiane simu Ijumaa.

Kisha nikaweka simu chini, nikaosha mikono, nikapaka mafuta. Mdogo wangu alikuwa ameshakaa kwenye mkeka akinisubiri. Kidole cha kati lazima kinyooshwe asubuhi na jioni, taratibu, mpaka pale kinapokataa, halafu kidogo tu zaidi. Alinipa mkono na kutazama upande wa mlango, kama kawaida yake, kwa sababu bado kinauma.