Kadi za Jua za Lesikar

Lesikar alikuwa mtu wa kuamka mapema, Sombetini nzima, pale Arusha, inamjua hivyo. Miaka kumi na minne alipima hali ya hewa kwenye shamba la mbegu upande wa Kwa Mrombo, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuugua siku ya Jumatatu, maradhi ambayo kwa wenzake yalikuwa sugu. Alipima mvua, alipima upepo, lakini kazi iliyokuwa moyoni mwake ilikuwa ya jua.

Palikuwa na tufe la kioo, ukubwa wa chungwa, limekaa juu ya nguzo. Nyuma yake unachomeka kadi ngumu yenye mistari ya saa. Jua likiwaka, kioo kinakusanya mwanga na kuunguza kadi, na jua linavyosogea, alama ya kuungua nayo inasogea. Likijificha, alama inakatika. Jua likishazama unaitoa kadi, unaandika tarehe nyuma, unachomeka ya kesho. Kadi zenyewe zilitengenezwa zisishike moto: ziungue tu, zisiwake. Ndugu zake wa Oldonyo Sambu, kwenye mteremko wa Meru, walifuga ng'ombe, naye akawa anawatania kwamba yeye anafuga jua na halijawahi kumpotea.

Lilimpotea mwaka 1991. Katikati ya mwaka huo redio ilisema mlima umelipuka huko Ufilipino, na Lesikar, kama watu wote wa Arusha, alisikiliza akamaliza chai yake. Ufilipino ni wapi na Kwa Mrombo ni wapi? Lakini kufika Septemba mbingu ilikuwa imeingia weupe, kama maji yaliyosuuzia kibuyu cha maziwa. Hapakuwa na wingu, na bado buluu haikuonekana. Jioni magharibi iliwaka wekundu ambao wazee hawakuupenda. Na kadi zikaanza kubadilika. Badala ya kuanza kuungua saa moja na robo asubuhi, zilianza saa mbili kasorobo. Jioni ziliacha mapema vilevile.

Wakati huo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na kila ofisi iliambiwa ipunguze watu. Meneja wa shamba alikuwa Manase, Mchaga wa Machame. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilimfanya asome karatasi ambazo zamani alizitia saini bila kuziangalia. Akamwita Lesikar ofisini, kadi ziko mezani.

"Aisee Lesikar, hizi zinaanza kuungua saa mbili kasorobo. Mwaka jana mwezi huuhuu zilianza saa moja na robo. Siku hizi unachomeka asubuhi ukishafika, sivyo? Na jioni unazitoa mapema uwahi nyumbani."

"Hapana, bosi. Nachomeka jioni, kama siku zote. Jua lenyewe limefifia."

Manase alicheka mpaka akavua miwani. "Limefifia! Nimwandikie mkubwa Dar es Salaam kwamba jua limechoka kazi? Bwana, wanatafuta majina ya wavivu. Sitaki kupeleka la kwako. Rekebisha."

Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote hiyo kuitwa mvivu, na kuitwa hivyo kwa ushahidi wa jua lake mwenyewe! Lesikar alitoka pale machozi yanamlengalenga. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na nyumba iliyofika kwenye linta, bado haina paa. Siku ya pili yake akachukua spoku ya baiskeli, akaipasha kwenye jiko la mkaa nyuma ya stoo, akaiongezea kadi nusu saa ya asubuhi na nusu saa ya jioni.

Zile za kwanza zilikuwa chafu, spoku ikachimba sana, akazitupa na kuchoma alama ya siku nzima kwenye kadi mpya. Baadaye mkono ukazoea. Alijifunza kuanza kwa kugusa tu, kama jua la asubuhi linavyogusa, kisha kukandamiza kidogo kidogo. Karibu mwaka mmoja na nusu alifanya hivyo, siku baada ya siku, na kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliifanya kazi ya uongo kwa umakini uleule. Manase alifurahi. "Unaona? Ukitaka unaweza."

Katikati ya hayo, mwaka 1992, huko Oldonyo Sambu, mahindi ya mama yake, Nkasiogi, yalikaa mabichi shambani bila kukauka. Baridi haikuondoka. Maharage yalioza kwenye maganda. Lesikar alipanda kwenda kumsaidia kuvuna, wakarudi na magunzi. Mama alisema ni mapenzi ya Mungu, akauza mitamba wawili. Na kwenye kadi za mwanawe jua la mwaka ule lilikuwa limewaka vizuri kabisa.

Na hata kazi yenyewe haikumbakia. Mwaka 1993 shamba liliuzwa, wakaondolewa wote siku moja, wavivu na wachapakazi, Manase akiwa wa kwanza kwenye orodha. Mnunuzi akaagiza makaratasi yatupwe shimoni. Lesikar hakuweza. Alizibeba kadi kwa baiskeli, maboksi manne, akayasukumia chini ya kitanda. Tangu hapo akawa mlinzi, halafu muuza mbao, halafu mzee wa kukaa tu.

Mwaka 2006 alikuja dada mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Anneth. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba kadi zipo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa sebuleni, akapewa chai, akaeleza. Moshi wa mlima ule wa Ufilipino ulipanda juu sana, ukageuka chembe ndogo mno za asidi, zikaizunguka dunia nzima na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani. Dunia ikapoa. Sasa kwa kuwa dunia inazidi joto, wapo wataalamu wanaojiuliza kama ndege zinaweza kumwaga chembe kama zile kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka. Kabla mtu hajathubutu, ijulikane wakulima kama wa Meru walipoteza jua kiasi gani mara ya kwanza. Vituo vingi vya huku vimepoteza kumbukumbu zake.

Akafungua boksi la 1992, akazipanga kadi mezani, akapima kwa rula. Uso ukamchangamka. "Mzee, ajabu! Hapa kwenu halikupungua. Hii ni habari kubwa. Wanaotaka kumwaga watasema wakulima wa mlimani hawakuguswa."

Lesikar alikumbuka magunzi ya mama yake. Angeweza kukaa kimya. Manase alishazikwa Machame, na hakuna mwingine aliyejua.

"Waliguswa," alisema. "Hizo nilizichoma mimi, kwa spoku."

Akamweleza yote. Anneth aliweka rula chini, akasema kwa upole, "Basi nionyeshe ulipoanzia wewe na jua lilipoishia. Tutaondoa zako, zitabaki za kweli."

Lesikar alivaa miwani. Akachukua kadi ya kwanza, akaigeuza, akaipeleka dirishani. Akachukua ya pili. Akafika ya ishirini. Akafungua boksi la 1985, ambalo hakuligusa kwa spoku kamwe, akaliweka kando ya lile la 1992. Kadi zilikuwa sawasawa.

"Sioni," alisema. "Mwanangu, sioni."

"Na za miaka mingine? Mtu akiniuliza nitajuaje kama hukuzigusa?"

Lesikar alivua miwani, akaiweka juu ya boksi.

"Basi siwezi kutumia hata moja, mzee. Nisamehe." Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Lesikar alikaa mbele ya miaka kumi na minne ya kuamka alfajiri. Mkewe, Namnyaki, alipoingia kuuliza maboksi yarudi wapi, alimwambia ayapeleke jikoni, awashie mkaa. Akamsikia anakwaruza kiberiti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Baba Soila," mkewe aliita kutoka jikoni, "hizi karatasi zako haziwaki."