Nyusi za Mbwa wa Keziah

Mbwa wale wa udongo siwapendi, nasema wazi, na bado ninao wawili kwenye rafu ya juu ya meko. Wametazama ukuta tangu msiba wa Keziah Bloor. Kwetu Longton, mji wa viwanda vya udongo huku Uingereza, nyumba ikifiwa mbwa hugeuzwa, na baada ya maziko hurudishwa. Mimi sikuwarudisha.

Kwenye kiwanda cha mbwa hao nilikaa naye benchi moja. Wanaume walishindilia udongo kwenye kalibu, tanuri likachoma, sisi wanawake tukapaka: masikio mekundu, mnyororo wa dhahabu, pua. Nyusi zilikuwa za Keziah peke yake. Nyusi mbovu humfanya mbwa aonekane zuzu, na zuzu hanunuliwi. Alichovya brashi, akaipitisha midomoni ichongoke, akachora. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, na sote tulifanya hivyo, ila yeye kutwa nzima.

Rangi ile ilikuwa na sumu ya madini ya risasi. Tulijua, usiniulize tulibaki kwa nini. Njaa nayo tuliijua. Ukiimeza sumu ile tumbo husokota, vifundo vya mikono hulegea, na mimba hazikai. Keziah alikuwa ameshazika watoto wawili waliozaliwa kimya. Aliposhika mimba nyingine nilimvaa wakati wa chai.

"We shoga, safari hii brashi isiguse mdomo. Usije ukaniliza."

"Nimeacha, Dorcas. Haki ya Mungu. Nainyoosha kwa kitambaa."

"Kitambaa! Mkono wako umezoea mdomo kama mtoto na titi."

"Una maneno wewe! Ngoja uitwe mama mdogo, ndipo utanyamaza."

Na kweli aliacha. Lakini nyusi zikaharibika, zikawa nene, zimechakaa kama ufagio. Msimamizi, Bwana Podmore, akaja akamkaba mbwa mmoja shingo.

"Keziah, huyu ni mbwa au nguruwe? Wako wasichana mlangoni wanakililia kiti chako."

Mbwa aliowakataa akawapanga mbele ya Keziah, safu nzima, wote wakimkodolea macho. Mumewe alikuwa kitandani, kifua kimejaa vumbi la kiwanda. Kiti kile ndicho kilichowalisha. Tangu siku ile Keziah hakucheka tena.

Alasiri moja nikatupa jicho kwenye ubao wake. Nyusi zilikuwa nyembamba, zimepinda vizuri ajabu.

"Keziah! Mdomo wako!"

Alikuwa na weusi kwenye pembe ya midomo. Akaitazama brashi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemtilia kinywani. Hakuwa na habari. Akashika tumbo.

"Basi, ni leo tu," akasema. "Podmore anapita. Leo tu, Dorcas, usinipigie kelele."

Nilimpigia. Akanigeuzia mgongo, akaendelea. Jozi ya mbwa aliowachora siku ile aliinunua mwenyewe, akaniletea nyumbani. "Nitunzie. Akizaliwa nitakuja kumwonyesha mbwa wa mama yake."

Mtoto alikuja kabla ya wakati, wa kike, na hakulia. Keziah naye mikono ikamlegea hata kikombe akawa hashiki. Nilimnywesha mimi, mpaka siku alipokataa kunywa.

Miaka mingi imepita, na juzi alikuja bwana mmoja wa London, mkusanyaji wa vitu vya kale. Hakuomba ruhusa, akawageuza mbwa wangu.

"Bibi wee, nyusi hizi! Nina mbwa kabati zima na sijaona mkono uliotulia namna hii. Mchoraji huyu alikuwa na raha zake."

Akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua vumbi usoni mwa mbwa, kisha akakirudisha kidole mdomoni kukilowesha tena. Nikampiga mkono kwa nguvu zangu zote za uzee.

"Toa mdomoni, Keziah! Toa!"

Yule bwana akarudi nyuma, ananitazama kama mwendawazimu. Akauliza Keziah ni nani. Nikamwambia ndiye huyo aliyekuwa na raha zake, kisha nikamfungulia mlango.