Mnada Usiopokea Hela

Sokoni alikouza makochi, vitanda na meza zilizokwisha kutumiwa na watu wengine, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Walimwita Mwisho. Ukimtajia bei ya kitu chochote, hata kikombe cha chai, yeye hukukazia macho na kuuliza, "Mwisho?" Daktari aliwahi kumwambia ameze vidonge viwili kutwa mara tatu. Akauliza, "Mwisho?"

Shule aliiacha mapema, au shule ilimwacha yeye. Inategemea unamuuliza nani. Alianza kwa kuokota viti vilivyovunjika nyuma ya hoteli, akavitia gundi, akavipiga msasa, akawauzia watu walewale waliokuwa wakivikalia vikiwa vizima. Viti vikazaa kibanda, kibanda kikazaa duka, duka likazaa pikapu. Mwaka huu akafungua duka la pili karibu na stendi ya mabasi, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kijana aliyemkabidhi duka hilo alijifunza kazi vizuri mno, akafungua la kwake ng'ambo ya barabara.

Mwisho akaapa kwamba sasa duka litakaa mikononi mwa mtu wa damu yake. Damu iliyokuwa karibu ni binti wa dada yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mwisho ndiye aliyekuwa akimsomesha, kwa hiyo hakuona haja ya kubisha hodi.

"Funga godoro," alimwambia kwa simu. "Jumamosi nakuja kukuchukua. Nyuma ya duka pana chuo cha jioni, utamalizia hapo. Kitabu ni kitabu."

Binti hakulia wala hakupandisha sauti. "Sawa, Mjomba. Ila wewe hununui kochi bila kulikalia. Njoo ukae hapa kutwa moja. Jioni ukisema tuondoke, godoro nitalibeba mwenyewe."

Mwisho hajawahi kukataa kukagua mali. Jumamosi asubuhi aliegesha pikapu tupu mbele ya bweni la wasichana.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umefunga?"

"Bado. Si tulisema jioni?"

"Nilidhani unatania."

"Nimelelewa na nani hata nitanie kwenye mapatano?"

Mjomba akameza cheko, akamfuata.

Binti alianza kwa kukosea pale wanapokosea wauzaji wengi: alimwonyesha mteja kile alichodhani mteja anapaswa kukipenda. Akampeleka kwenye ukumbi mpya wa mihadhara. Mwisho hakutazama dari wala taa. Alichukua kiti akakipindua miguu juu, maana kiti hakisemi kweli mpaka ukipindue.

"Mbao za vumbi hizi," akasema. "Wamezibandika karatasi yenye sura ya mti. Zikipata maji zitavimba kama mkate ndani ya chai."

"Lakini jengo lina ghorofa saba, Mjomba."

"Hata gereza lina ghorofa."

Maktabani mambo yakawa mabaya zaidi. Kila meza ilikuwa imejaa, wengine wakisoma, wengine wamelalia vitabu midomo wazi. Mwisho akaona kiti kimoja kitupu, juu yake pamewekwa mtandio. Akausogeza, akaketi. Vichwa vikainuka meza nzima kama kuku waliosikia kunguru.

"Baba, hapo pana mtu," msichana mmoja akanong'ona.

"Yuko wapi?"

"Ndiye huo mtandio."

Akainuka, akaurudisha ulivyokuwa. Nje akamgeukia mpwa wake. "Mtandio unashika nafasi ya mtu? Na hauibiwi?"

"Nani auibe? Ukigusa mtandio wa mtu, jina lako litaimbwa bwenini mpaka siku unayomaliza chuo."

Sokoni kwa Mwisho, ukiweka nyundo chini upate kujikuna, ukiinama tena unaokota vumbi.

Wakarudi bwenini. Yeye akasimama mlangoni, maana wanaume hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha chumba, akachungulia chumba cha vitanda vinne na kamba ya nguo iliyopita katikati kama mpaka wa nchi. Ndani walikuwamo wawili wa chumba hicho: mmoja mrefu aliyesoma sheria, na mwingine wa kilimo aliyekuwa akipika wali kwenye jiko la umeme lililopigwa marufuku, dirisha limezibwa kwa shuka.

"Wanangu," Mwisho akasema, "chaga zimelegea, godoro limelala chali, na harufu ya wali inafika getini. Hebu niambieni, mnapenda nini hapa?"

Wa sheria hakufikiri mara mbili. "Nyumbani nikisema neno naambiwa nawapandia wakubwa kichwani. Hapa nikinyamaza, mhadhiri anauliza kama naumwa."

"Mimi napenda kwamba nikiishiwa siaibiki," akasema wa kilimo, akikoroga. "Wote tunaishiwa siku moja."

"Na wewe?" Mwisho akamuuliza mpwa wake.

Binti akatazama saa. "Nimechelewa kazini. Twende ukaone."

"Kazini? Kakuajiri nani?"

Lakini binti alikuwa ameshateremka.

Mbele ya bweni palikuwa na ngazi pana za saruji, na juu yake wanafunzi wamekaa kama wameanikwa. Chini yao kulirundikwa pasi, feni, mabeseni, kioo kirefu, ndoo zilizopakatana, vitabu vilivyotoka majalada. Kelele zikalipuka: "Dalali huyo! Dalali kafika!" Mwisho akageuka kumtafuta huyo dalali. Alipogeuka tena, mpwa wake alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, sufuria mkono huu, mwiko mkono ule.

Mambo yalikuwa hivi. Wa mwaka wa mwisho hapo chuoni humaliza mitihani kabla ya wenzao, na hawataki kusafiri na mabeseni. Wanaobaki wanayataka hayo mabeseni, lakini wakati huo wa mwaka mifuko yao haina hata uzi. Basi kila Jumamosi ya mwishomwisho wa muhula huwa na mnada ngazini, na kwenye mnada huo hela haipokelewi. Unanunua kwa unachojua au kwa mikono yako. Ikiingia hela, walisema, watoto wa wenye nazo watazoa vyote kabla chai haijapoa.

"Pasi hii!" binti akapaza sauti. "Haijawahi kuunguza shati la mtu, ila la mwenyewe! Nani anaanza?"

"Nambebea masanduku mpaka stendi!"

"Masanduku hata punda anabeba. Nani anaongeza?"

"Namsuka kwa ajili ya picha ya joho!"

"Mwenye pasi ana kipara, dada! Mwingine!"

"Namwandikia barua tano za kuomba kazi, Kiingereza kimenyooka!"

"Tano... kumi? Saba? Saba mara ya kwanza, mara ya pili..." Mwiko ukalia kwenye sufuria. "Imekwisha!"

Mwisho alikuwa ameacha mdomo wazi. Mtoto huyu dukani alikuwa akitumwa kuleta msasa na kuambiwa asiingilie mazungumzo ya wakubwa. Sasa ameshika halaiki nzima kwa mwiko.

Kisha jicho lake likaangukia kitu, na moyo wa biashara ukaruka. Nyuma ya mabeseni palikuwa na kiti cha mikono kilichopakwa rangi ya kijani, mbaya, kama ukuta wa zahanati. Lakini mguu mmoja ulikuwa umebanduka rangi, na chini yake mbao ya kahawia iliyokolea, nzito, nyuzi zimelala pamoja. Maungio hayakuwa na msumari hata mmoja. Mvule wa zamani. Ukikivua ile rangi, kiti kile kinamkalisha hata jaji.

Mwisho akafanya alivyofanya siku zote: akaacha kukitazama. Akachukua feni, akazungusha panga zake. Akafungua pasi, akaifunga. Akajitazama kwenye kioo, akarekebisha kola. Ndipo akasema kama mtu anayepiga miayo, "Na hicho cha kijani ni cha nani? Nipeni nikachanje kuni." Mkono ukaenda mfukoni.

Ngazi zote zikaguna, "Aaaah!"

"Mjomba, mfukoni hapana," binti akasema kwa sauti ya kazi. "Hapa wewe ni kama wengine. Mwenye kiti!"

Akainuka kijana mwembamba, shati limechomekwa vizuri, anatembea polepole kama anayeogopa kumwaga kitu. Walimwita Mstaafu, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza alikuwa akiongea kama mzee aliyekwisha kupokea kiinua mgongo. Alikuwa amemaliza masomo ya historia.

"Mzee wangu," Mstaafu akasema kwa adabu, "umekagua pasi. Umekagua feni. Hata sura yako umeikagua. Kiti peke yake hukukigusa, na ulipokipita ulikizunguka. Mtu hazunguki kuni."

Kicheko kikashuka ngazini kama mzigo wa mabati. Mwisho alihisi masikio yakimchoma. Kwa mbinu ile alikuwa akila mkate wake tangu ujana, na sokoni kote hakuna aliyewahi kuikamata.

"Haya," akasema, "unataka nini?"

"Nimeona una pikapu tupu. Upeleke stendi mizigo yangu na ya wenzangu wanne. Kisha utufundishe kupatana bei, hapahapa, leo."

"Mizigo yako tu."

"Ya wenzangu wanne."

"Mmoja."

"Watatu, na somo."

"Wawili, na somo fupi."

"Wawili, na somo mpaka tuelewe."

Mwisho akatazama ule mguu uliobanduka. "Haya."

Mwiko ukalia.

Ndivyo alivyojikuta amesimama juu ya kreti la soda, mbele ya vijana waliotulia kumsikiliza. Akakohoa. "Kanuni ya kwanza. Anayetaja bei kwanza ameshindwa."

"Si kweli, Mjomba," akadakia yule mrefu wa sheria.

"Si kweli vipi?"

"Leo ametaja kwanza Mstaafu. Mizigo na somo. Wewe ukabaki kupunguza mulemule ndani ya alichokitaja. Hukuwahi hata kusema habari ya kumpa kitu kingine. Yeye alichora uwanja, wewe ukakimbia ndani yake."

Sokoni watu hununua au huenda zao. Hakuna anayesimama kukuambia kanuni yako ina tundu. Mwisho akajibu kwamba hilo ni kweli kama muuzaji anajua thamani ya mali yake, lakini asiyeijua akitaja kwanza amejichinja. Wa kilimo akauliza, sufuria ya wali mkononi, je mazao yanayooza? Mwisho akasema kuoza ni siri, usimwonyeshe mnunuzi kwamba una haraka. Mwingine akasema yeye ni mnunuzi na pua anayo. Walibishana hivyo, wakimkatiza, wakimcheka, wakimwambia "endelea, Mjomba", kivuli cha bweni kikafika miguuni mwake bila yeye kukumbuka kwamba hajala. Mara mbili alishindwa hoja. Mara zote mbili alijikuta anataka kujaribu tena.

Alipoteremka, binti alikuwa akimsubiri kando ya pikapu. Jua lilikuwa limelala.

"Jioni ndiyo hii, Mjomba. Nikalete godoro?"

Mwisho akagonga ubavu wa pikapu kwa kidole, kama anayekagua kabati. "Duka bado halina mtu. Njaa ya duka haishibi kwa vicheko."

"Najua. Kwa hiyo nina mali nataka kukuuzia."

"Mali gani?"

"Aliyekuuzia kiti. Kamaliza, hana kazi, na baba yake anampigia kila asubuhi kumuuliza. Mwaka mzima nimemwona kwenye ngazi hizi. Hajawahi kumdanganya mtu, na hajawahi kudanganywa."

"Si damu yangu."

"Aliyekufungulia duka mbele ya pua hakukuibia hata kiti. Alikuacha kwa sababu hukumpa fungu la faida. Ungenilipa mimi bila fungu, ningefungua langu pia. Damu ingekusaidia nini?"

Mjomba akamtazama kwa muda, kwa jicho lile la kupindua viti.

"Na wewe ulitaka kunipa nini ili nikuache hapa?"

"Likizo ndefu nauza dukani kwako."

"Likizo zote."

"Ndefu tu. Na kila Jumamosi ya mnada nakutengea mbao ngumu kabla wengine hawajaziona."

"Huo si wizi?"

"Utabeba mizigo ya watu, Mjomba. Hakuna cha bure."

Akacheka, kicheko cha tumboni ambacho wateja wake hawajawahi kukisikia. "Nenda ukamwite huyo Mstaafu wako. Mwezi mmoja wa majaribio. Asipofaa namrudisha, na wewe utakuja badala yake."

"Wiki mbili zinamtosha kufaa," binti akasema, akaondoka mbio kabla hajabadilisha nia.

Kabla kiza hakijaingia, pikapu ilitoka getini imejaa masanduku, kiti cha kijani kimefungwa juu kwa kamba, wenye mizigo wawili wamekaa nyuma. Mbele aliketi Mstaafu, mikono magotini, akiuliza taratibu kama chakula cha mchana ni juu ya duka au juu yake, na kama fungu lake litahesabiwa kabla ya kodi ya pango au baada. Mwisho alikuwa bado anatafuta jibu simu ilipolia. Alikuwa dada yake. Mstaafu akamshikia simu sikioni.

"Mmefika wapi?" dada akauliza. "Mpe mwanangu niongee naye."

"Mwanao nimemwacha."

"Umemwacha! Si ulikwenda kumchukua?"

"Ana mnada Jumamosi ijayo," Mwisho akasema, akikunja kona ya kwenda stendi. "Na mimi huyu niliyempata hapa ananipa shida kabla hata hajaanza kazi. Dada, nitakupigia. Napatana."