Kilio cha Binti Yangu Kwenye Simu za Watu

Sikusoma. Baba alipeleka kaka zangu shule, mimi akaniachia jembe na mbuzi. Kitu nilichojua kuliko wenzangu hapa Molo, kijijini kwetu karibu na mpaka wa Malaba, ni kulilia wafu. Mtu akifa waliniita mimi, Apendi, nianze wimbo, wanawake wengine wanipokee. Unamtaja marehemu kwa jina, unataja alivyocheka, alichopenda kula, aliyemtesa. Wimbo huo ni wa siku hiyo na wa mtu huyo. Akishazikwa haurudiwi. Mama alinionya kwamba ukiuimba pasipo na msiba, unaita msiba mwingine.

Mwaka juzi nilimzika binti yangu Marion, nikamlilia mwenyewe. Kuna mtu alinirekodi kwa simu. Baadaye nikasikia sauti yangu sokoni Malaba, ikitoka kwenye spika ya duka la viatu, imetiwa ngoma. Vijana walikuwa wanakatika viuno. Jina la mwanangu lilikuwa humo ndani.

Watu wakasema nimeuza kilio cha mtoto wangu. Jirani yangu Anjeline, tuliyekuwa tukipalilia pamoja, aliacha kupita kwangu. Msiba ukitokea, waliita mwanamke wa mbali. Nilisikia wenzangu wakilia, nami nimekaa jikoni peke yangu. Nilitaka kitu kimoja tu: wimbo ule unyamaze, niitwe tena.

Aliyenifuata ni Mwalimu Dorah, anayefundisha kompyuta sekondari. Wanafunzi wake walikuwa wakitumia wimbo ule kwenye video zao, naye alikuwa akiwafundisha mambo ya hakimiliki.

"Mama Marion, njoo wakuone," akasema. "Wanadhani mwenye sauti hayupo."

Nikakalishwa mbele ya darasa. Mwalimu akawaeleza kwamba kazi ni ya aliyeitunga, na kuisambaza bila ruhusa yake ni kumwibia.

"Hata kama hajui kuandika?" msichana mmoja akauliza.

"Hata kama."

"Basi na jogoo wetu tumuombe ruhusa," mwingine akasema kule nyuma, wakacheka. Mwalimu akamkazia macho.

Mvulana mrefu akasimama. Alikuwa Fidel, aliyeutia wimbo ngoma.

"Mama, samahani. Kwetu ni Busia, Kidhopadhola, lugha yenu, sikisikii vizuri. Sikujua ni kilio. Nitaandika jina lako pale, kila mtu ajue ni wako."

"Uandike jina langu, wacheze wakimjua na mama wa maiti?" nikamuuliza. "Unanisaidia au unanizika?"

Mwalimu, ambaye ndiye aliyewaambia jina la mtunzi litajwe, akanigeukia.

"Unataka nini basi, mama?"

"Ufutwe."

Fidel akafuta mbele yangu, wenzake nao wakafuta. Jumapili alikuja kanisani kwetu na Mwalimu Dorah, akasimama, akasema kosa ni lake, mimi sikuuza kitu. Akasema pia kwamba alishawatumia marafiki ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, nao wakawatumia wengine asiowajua.

Baada ya wiki kadhaa mama mkwe wa Anjeline akafariki. Anjeline akaja mwenyewe mlangoni.

"Dada, twende utuanzie."

Nikafunga leso kiunoni, nikaenda. Nikakaa karibu na jeneza, nikavuta pumzi. Mbele yangu shemeji yake Anjeline kutoka Nairobi alikuwa ameinua simu. Nikamtazama Anjeline.

"Ni ya familia tu, dada, kwa walioshindwa kuja," akaninong'oneza. "Anza."

Nikamtaja marehemu kwa jina, mara moja, kisha mdomo ukafungika. Wanawake walinisubiri. Walinisubiri mpaka mmoja akaanza wimbo wa kanisa na wengine wakampokea. Nikabaki katikati yao nikilia bila sauti, kama mpita njia aliyekuta msiba wa watu asiowajua.